Jinsi nilivyopata bendi safi za ERK kwenye viinitete vya zebrafishi

Wakuu habari, nipo Tanga, hii ilinisumbua mno acha niiandike. Natafuta ERK (protini inayopitisha ishara ndani ya seli) yenye fosfeti kwenye viinitete vya masaa 24 vya zebrafishi, wale samaki wadogo wa maabara, kwa western blot, yaani kutenganisha protini kwenye jeli kisha kuzitambua kwa kingamwili. Kila nikikimbiza jeli napata doa jeusi kubwa, bendi yenyewe (mstari wa protini ninayoitafuta) haionekani. Mchawi ni kiini cha njano, kimejaa protini za vitelojenini na zenyewe zina fosfeti kibao, zinafunika kila kitu.

Dawa yake, toa ganda, weka viinitete kwenye bafa ya Ringer isiyo na kalsiamu, vuta na sukuma taratibu kwa pipeti ya ncha nyembamba mpaka kifuko cha kile kiini kipasuke na maji yawe meupe kama tui, zungusha kwenye sentrifyuji kwa nguvu ya 300 g (mara 300 ya mvutano wa dunia), mwaga maji ya juu, osha tena. Yote juu ya barafu, na joto la huku inayeyuka fasta balaa, mi nachukua ya wauza samaki pale Deep Sea. Bafa ya kupasulia seli tia vanadeti na floraidi ya sodiamu, la sivyo vimeng'enya vya fosfatezi vinang'oa fosfeti unaangalia hivihivi. Kublok (kuziba nafasi tupu za utando wa blot ili kingamwili zisinase ovyo) tumia BSA, albumini ya damu ya ng'ombe, maziwa yana kaseini nayo ina fosfeti. Sasa bendi zinatoka pale karibu kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 42 na 44, safi kabisa.