Jinsi nilivyopanga bonanza la wavu likaisha kabla ya Magharibi

Bonanza letu la kwanza la mpira wa wavu pale Makorora, Tanga, mbuzi wa zawadi alirudishwa kwa mwenyewe. Ilikuwa Juni. Tulikuwa na timu 4, nusu fainali mbili na fainali, na ratiba niliipanga mimi: mechi ya kwanza saa 9:00 alasiri, ya pili saa 10:00, fainali saa 11:00. Nusu fainali ya kwanza ikaenda seti 5, ikaisha saa 11:10. Adhana ya Magharibi ikatukuta katikati ya mechi ya pili. Uwanja hauna taa na mpira hauonekani tena. Vijana waliotoka Pongwe wakapanda bodaboda wakaondoka kimya. Iliniuma mno, maana walikuwa wamejiandaa miezi miwili.

Kesho yake nikaenda kwa mwalimu mmoja mstaafu, mchezaji wa zamani. Baada ya shikamoo nikamweleza.

"Mwanangu, hii si soka ya dakika 90," akaniambia. "Ulipanga saa. Ungepanga seti."

Akanisimulia enzi zao. Seti ilikuwa ya pointi 15, lakini pointi aliipata timu iliyoanzisha mpira tu. Ukishinda mpira wa mwenzio, unapata haki ya kuanzisha, basi. Timu mbili ngumu zingeweza kunyang'anyana haki hiyo robo saa nzima ubao haujasogea. Mwaka 1998 shirikisho la dunia, FIVB, likapitisha kwamba kila mpira unaodondoka una pointi yake, na seti ikawa ya 25. Televisheni nazo zilitaka kujua mechi itaisha lini.

Nikachukua daftari na simu, nikakaa pembeni ya mazoezi mwezi mzima nikipima. Seti nyingi zilichukua dakika 22 hadi 28. Ukikokotoa unaona kwa nini: seti ya 25 kwa 20 ni mipira 45, na kila mmoja, tangu kipenga mpaka kipenga kinachofuata, unakula kama nusu dakika. Hapo ongeza mapumziko ya sekunde 30, mawili kwa kila timu katika seti, na dakika 3 kati ya seti na seti. Mechi ya seti 3 inafika saa moja na robo hivi. Ya seti 5, hata kama ya mwisho ni ya pointi 15, inapita saa mbili. Tena kushinda seti lazima kuwe na tofauti ya pointi 2, na hakuna kikomo. Niliona seti moja ikifika 33 kwa 31.

Kilichonishangaza zaidi ni mpira kuokotwa. Uwanja wetu umepakana na ukuta wa jirani, na kila smashi iliyopita juu ilitugharimu dakika nzima ya kubisha hodi. Tukachanga mipira 3 na kuweka watoto wanne pembeni. Hilo peke yake liliokoa karibu dakika 5 kwa seti.

Kuna waliopendekeza tuweke saa, ikilia mechi imekwisha, anayeongoza ndiye mshindi. Nilikataa na bado nakataa. Timu iliyo nyuma kwa pointi 6 ina haki ya kurudi. Ukiikatia muda umeua utamu wote wa wavu. Wengine walitaka seti za 21, lakini hizo ni za ufukweni, tunazicheza tukienda Raskazone, wachezaji wawili wawili.

Bonanza la pili nililiweka Februari, jua linapochelewa kuzama. Nusu fainali zote mbili asubuhi, kuanzia saa 2:00 kabla mchanga haujawaka, mshindi wa seti 2 kati ya 3. Fainali saa 10:15, watu wakishatoka kuswali Alasiri, mshindi wa seti 3 kati ya 5. Niliipangia saa mbili, nikaiachia na dakika 20 za ziada.

Ikaenda zote tano. Katika seti ya mwisho timu zilipobadilishana upande kwenye pointi ya 8, nilitazama juu ya minazi: mwanga bado upo. Pongwe walishinda 15 kwa 13, saa 12:18. Nahodha wao alimfungua mbuzi kamba huku watu wote wakimwona vizuri.