Mfalme Aliyetoka Nje ya Lango

Wapendwa katika Bwana, nawasalimu kwa jina la Yesu.

Juma hili nimeandamwa na swali la mtoto. Mwanangu alikuwa akisoma hadithi ya kubuni juu ya mfalme ambaye, alipoona majeshi ya mvamizi yameujaza uwanda, alishuka kutoka ngomeni, akapiga magoti na kuliweka taji la baba zake miguuni pa mshindi bila upanga hata mmoja kuchomolewa. Akaniuliza kama mfalme huyo alikuwa mwoga. Nikamjibu upesi, kama wazazi tunavyojibu tukiwa na shughuli nyingine mkononi, kwamba ndiyo, alikuwa mwoga. Usiku ule sikupata usingizi, kwa maana na mimi ninalo taji, dogo tu, ambalo nimekataa kulikabidhi.

Kwa miaka 9 nimekuwa mweka hazina wa ushirika wetu. Wanachama walipokutana mara ya mwisho walimchagua mwingine, kwa kura za wazi na kwa amani, na tangu siku hiyo vitabu vya hesabu vimebaki nyumbani kwangu. Kila nikiulizwa ninayo sababu: mara stakabadhi hazijapangwa, mara kuna malipo yanayosubiri kuthibitishwa. Nakiri mbele yenu kwamba hesabu zilifungwa zamani na hakuna senti iliyopungua. Kilichobaki hakijafungwa ni moyo wangu.

Nilipofungua Neno, nilijikuta mbele ya wafalme wawili wa mwisho wa Yuda. Yehoyakini alikuwa na umri wa miaka 18 alipoanza kutawala, na baada ya miezi 3 tu majeshi ya Nebukadreza yakauzunguka Yerusalemu. Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 24, kinasema kwamba alitoka kumwendea mfalme wa Babeli, yeye na mama yake na watumishi wake na maakida wake. Hakutoka kwa sababu alikuwa mtakatifu, maana sura ile ile inasema alitenda mabaya machoni pa Bwana. Alitoka tu. Akachukuliwa, na pamoja naye watu elfu 10; hazina za hekalu zikabebwa, lakini siku hiyo mji haukuchomwa moto.

Aliyewekwa mahali pake ni Sedekia, na huyu ndiye aliyenikamata shingo. Alitawala miaka 11, akaasi, na Babeli ikarudi. Katika Yeremia 38 tunamwona akimwita nabii kwa siri. Yeremia alikuwa ametoka shimoni, ambako alizama matopeni mpaka Ebedmeleki Mkushi alipomvuta kwa kamba na matambara makuukuu. Akampa mfalme neno fupi: ukitoka kwa wakuu wa mfalme wa Babeli, utaishi wewe na nyumba yako, na mji huu hautateketezwa; lakini usipotoka, utateketezwa. Sasa sikilizeni jibu la Sedekia. Hakusema kwamba Mungu ameahidi kuulinda mji, wala hakusema kwamba heshima ya Daudi inamzuia. Alisema anawaogopa Wayahudi waliokwisha kuwakimbilia Wakaldayo, yaani watu wa Babeli, wasije wakamdhihaki.

Ndugu zangu, nilisoma mstari huo wa 19 nikaona aibu kama mtu aliyefumaniwa. Mji mzima uliteketea kwa sababu mfalme aliogopa kuchekwa! Kumbe hakuwa anamwogopa mshindi. Aliwaogopa watu wake mwenyewe, wale waliotangulia kusalimu amri, kwamba wangemtazama na kusema: na wewe umefika? Mimi simwogopi hata kidogo yule ndugu aliyechaguliwa. Ni mtu mwema, na kwa hesabu huenda ananizidi. Ninachoogopa ni macho ya wanaojua jinsi nilivyokuwa nikisema kwamba bila mimi mambo hayaendi.

Na Yeremia alimwonyesha Sedekia kwamba dhihaka aliyoikimbia ingemfikia kwa mlango mwingine. Wanawake waliosalia katika nyumba yake ya kifalme wangetolewa nje, nao wangesema kwamba rafiki zake wamemdanganya, miguu yake imezama matopeni, nao wamegeuka nyuma. Tazameni matope hayo! Nabii aliyetupwa matopeni alitolewa, na mfalme aliyeruhusu atupwe ndiye sasa anaambiwa kwamba anazama. Mwisho wake mnaujua: alikamatwa, na huko Ribla, mbele ya mfalme wa Babeli, aliwaona wanawe wakiuawa, kisha macho yake yakang'olewa. Hicho ndicho kitu cha mwisho alichokiona.

Hapa niseme na ninyi mnaonipenda, ambao mmekuwa mkinipigia simu na kuniambia nisikabidhi mpaka nitakapoombwa kwa heshima inayonistahili. Nawashukuru kwa upendo, lakini mwache kazi hiyo. Rafiki anayemtia mwenzake moyo wa kung'ang'ania kiti ambacho Mungu amekwisha kumpa mwingine anamsukuma matopeni, na siku ya kuzama hatakuwapo. Nami nijikemee kwanza, kwa kuwa niliwatafuta ninyi nikijua mtakachosema, na sikumtafuta mzee mmoja miongoni mwetu ambaye angeniambia ukweli.

Asichukue mtu neno hili akampelekea anayeonewa au kupigwa, amwambie asalimu amri kwa mwonezi. Sedekia aliambiwa atoke kwa sababu Bwana mwenyewe alikuwa amesema, naye alijua. Wafilipi 2, juu ya Kristo aliyejinyenyekeza, mnaifahamu, siirudii.

Turudi kwa Yehoyakini, maana habari zake hazikuishia langoni. Ule waraka wa Yeremia 29, wenye maneno tunayoyapenda, "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi", ulipelekwa kwa watu waliochukuliwa pamoja naye, wale waliokwisha kupoteza kila kitu, nao waliambiwa wajenge nyumba, wapande bustani na kungoja miaka 70. Tunaukariri mstari huo tukiwa tumeshika mataji yetu kwa mikono miwili.

Katika mwaka wa 37 wa uhamisho wake alitolewa gerezani, akabadilishiwa mavazi ya kifungo, akala mezani pa mfalme siku zote za maisha yake. Na liko jambo lililonigusa mimi kama mtu wa vitabu vya hesabu: miongoni mwa vibao vya udongo vilivyofukuliwa katika magofu ya Babeli, vimo vinavyoorodhesha posho ya mafuta iliyotolewa kwa Yehoyakini na wanawe watano, na humo anaitwa mfalme wa Yuda. Karani wa mshindi, akiandika mafuta yaliyotoka ghalani, alimwandika kwa cheo alichokuwa amekikabidhi. Mjukuu wake Zerubabeli ndiye aliyesimamia ujenzi wa hekalu jipya, na jina la Yehoyakini mwenyewe, kwa umbo lake lingine la Yekonia, limo katika sura ya kwanza ya Mathayo, katika ukoo wa Bwana wetu. Jina la Sedekia halimo katika ukoo ule.

Jana nilimwita mwanangu nikamwambia kwamba nilimjibu vibaya. Akaniuliza, basi mfalme yule hakuwa mwoga? Nikamwambia kwamba huenda aliogopa sana, lakini alitoka.

Vitabu nimevifunga kwa kamba, na funguo za kasha nimezitia katika bahasha. Kesho jioni naenda kukabidhi. Niombeeni nisiongeze hotuba.