Kimya nilichokipata nikingoja unga uumuke

Nimechoka kuambiwa kuwa mwenye shughuli nyingi hawezi kutulia na Mola wake mpaka akimbie shughuli zake. Niliamini hivyo miaka, na miaka hiyo nailia. Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza mahamri na mbaazi za nazi hapa Lamu, na siku yangu haina pa kupumulia.

Shoga yangu ndiye aliyenishauri niende Shela, kijiji cha jirani chenye vilima vya mchanga. "Huko vilimani hakuna mtu, utakaa na Mungu wako." Nikamwachia wifi watoto, nikatembea kandokando ya pwani karibu saa nzima, nikapanda mchanga, nikaketi, nikafumba macho. Kusi lilikuwa kali. Mchanga ukaniingia kwenye buibui, masikioni, hadi kwenye meno. Nikavumilia. Lakini moyoni nilimkuta mwenye duka la unga anayenidai, na ada ya madrasa, na gesi iliyobaki kidogo. Kufumbua macho, kijana wa mashua amesimama mbele yangu: "Mama, kuna usalama?" Nikamwambia salama. Hakwenda mbali. Akaja na bibi mmoja wa pale Shela, akaniuliza taratibu kama nimegombana na mume. Siwalaumu. Kwetu mwanamke akionekana peke yake mchangani jua linazama, watu huingiwa na wasiwasi, na wema huo naupenda. Niliposhuka, maji yalikuwa yamejaa na njia ya pwani imemezwa. Ikabidi nipande boti, mia na kitu, pesa za hamira. Nikarudi na mchanga na uchungu.

Mara ya pili nilizima simu siku nzima. Oda ya harusi ikaenda kwa mwingine. Hilo bado linaniuma.

Aliyenifungua macho ni mamangu, ambaye hakusoma zaidi ya chuo cha Kurani. Alikuja kulala kwangu, akaamka usiku kwenda kutawadha, akanikuta jikoni kando ya beseni, nimeinamia simu. Akaniangalia muda. "Mwanangu," akasema, "kimya wakitafuta Shela, na hiki hapa utampa nani?"

Sikuwa na la kujibu. Kila siku nakanda saa 8 usiku: unga, tui zito, sukari, hamira, iliki. Nikishamaliza, unga unataka kama saa moja na nusu kuumuka, na mimi sina kazi ila kungoja. Muda ule wote nilikuwa nikitazama mambo ya watu kwenye simu. Tena ni muda wenye thamani kuliko wote. Piga hesabu: hapa kwetu Magharibi ni karibu saa 12:30 na Alfajiri karibu saa 11, kwa hiyo usiku ni kama saa 10 na nusu. Ukigawa mara tatu, theluthi ya mwisho inaanzia saa 7:30 hivi. Ndiyo saa ambayo Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa hadithi za Mtume, wamepokea kuwa Mola wetu huuliza nani anamwomba ampe, nani anataka maghufira amghufirie. Mimi nilikuwa macho kila usiku na sikuitika.

Wapo walionitajia pango la Hira. Ni kweli, Mtume (s.a.w.) alikwenda huko kukaa faragha. Lakini hadithi yenyewe ya Bi Aisha inasema alikuwa akichukua chakula, kikiisha anarudi kwa mkewe Bi Khadija kuchukua kingine. Nyumbani kulikuwepo, na jikoni pia.

Simu sasa naitia ndani ya sufuria kubwa ya pilau, chini ya rundo la vyombo. Nikiitaka itabidi nishushe masufuria yote na watoto waamke, kwa hiyo siitaki. Nikishafunika unga kwa kitambaa naswali rakaa zangu mbili fupi, kisha nakaa palepale kwenye msala, uso kaskazini, maana kibla chetu kiko huko. Siombi kitu. Nasema "la ilaha illa Llah" polepole mpaka ulimi unyamaze wenyewe.

Siku za mwanzo haikuwa rahisi. Hesabu za duka zilirudi. Nikajifunza nisigombane nazo: astaghfirullah, kisha narudi. Na punda! Lamu hakuna usiku bila punda kulia, na mmoja hulala chini ya dirisha langu. Nilikuwa nikikasirika hadi nikakumbuka tulivyofundishwa, kuwa ukisikia punda akilia jikinge kwa Mwenyezi Mungu na shetani, na ukisikia jogoo umwombe fadhila zake. Tangu hapo punda akilia nasema audhubillahi, jogoo akiwika naomba. Hakuna tena sauti inayonitoa.

Usiku wa tisa au wa kumi hivi, nilikuwa nimekaa, taa nimezima, nasikia hamira ikifanya kazi, vile viputo vidogo vinavyopasuka chini ya kitambaa. Babangu akanijia moyoni. Tangu tumzike sikuwa nimemlilia. Siku zote za matanga nilikuwa jikoni nikipikia wageni, na baada yake ikawa ni mahamri. Nikalia mpaka kifua kikalegea. Sikuona nuru wala sikusikia sauti. Nilijua tu, kama unavyojua mtu yumo chumbani hata gizani, kuwa sikuwa peke yangu, na kuwa Aliyekuwepo alikuwa akiningoja pale muda wote, kando ya beseni.

Adhana ikaanza msikiti mmoja, ukafuata wa pili, mji mzima ukaitikia. Nilipowasha taa, unga ulikuwa umefura, umekinyanyua kitambaa na kumwagika ukingoni. Nikaswali, nikasukuma, nikakata, nikaweka karai motoni. Mahamri yalikuwa na uchachu kidogo. Saa 12 mtoto wa jirani akabisha na sarafu zake mkononi, nikamfungia yake na kumwongezea moja.