Grafini na lipidi: jinsi nilivyoondoa mnato wa uongo kwenye vipimo

Wiki tatu vipimo vilinichezea shere. Kila nilipogusisha ncha ya hadubini ya nguvu ya atomiki (hupima kwa kugusa kwa ncha kali sana) kwenye grafini (karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja) iliyofunikwa lipidi (molekuli za mafuta), nguvu ya kubandukia, yaani ya kuing'oa ncha baada ya kugusa, ilizidi kupanda. Mguso wa hamsini ulikuwa karibu maradufu ya ule wa kwanza. Tena mchoro ulionyesha ncha ikitoboa mara mbili, wakati tabaka nililoweka ni moja tu.

Nilibadili bafa (maji ya chumvi yenye pH thabiti ninamopimia). Nikapima upya ugumu wa mkono mwembamba unaobeba ncha. Nikaipasha moto grafini nyingine kuondoa mabaki ya plastiki iliyotumika kuihamishia (fanyeni hivyo hata hivyo). Wapi!

Kilichonifumbua macho ni mtoboko wa pili: nanomita 4 na ushei (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), unene wa tabaka pacha la lipidi, yaani safu mbili za lipidi zinazoshikana na kuhesabiwa tabaka moja. Kumbe ncha yenyewe ilikuwa imevaa lipidi! Lipidi zinazobaki baada ya kuweka tabaka huelea juu ya maji, na ncha ikishuka hupita humo na kujipaka.

Sasa nasuuza kwa bafa mara kumi, sampuli isikauke kamwe, na kwa pipeti (mrija wa kunyonyea) nanyonya maji ya juu, usoni, si ya chini. Hapo ndipo palipokuwa na siri. Awali nilinyonya chini, utando ukabaki juu ukinisubiri. Ncha naisafisha kwa mwanga wa urujuanimno na gesi ya ozoni dakika 20, kisha nagusa kwanza silika tupu (sehemu ngumu kama kioo, isiyo na lipidi). Isipotoboa kitu, naendelea.

Jana nimegusa mara mia mbili: mtoboko mmoja, na nguvu imetulia.