Siku moja maishani mwangu: kidoti chekundu kwenye slaidi

Saa 11 alfajiri adhana ya msikiti wa hapa Ngamiani ndo inaniamsha. Naswali, nakunywa chai ya rangi na vitumbua viwili vya jirani, napanda baiskeli, si mnajua Tanga baiskeli ndo gari letu, saa 1 kasoro nishafungua madirisha ya maabara.

Saa 1 na nusu nachuja Giemsa, ile rangi tunayoitia damu iliyopakwa kwenye kipande cha kioo (slaidi) ili wadudu waonekane kwenye hadubini. Hii kazi siku hizi simwachii mtu, maana wiki iliyopita rangi ilikaa na mashapo na slaidi moja ilibaki kidogo tu itoke na jibu la malaria, kumbe ni uchafu wa rangi. Asilimia 10, dakika 10, suuza taratibu, simamisha ikauke.

Saa 3 kaingia bibi na mjukuu mgongoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huyu joto limempanda tangu juzi, usiku kucha hatujalala."

Nikamtoboa mtoto kidole, nikatengeneza tone nene na tone jembamba la damu kwenye slaidi. Nina binti wa fildi, mwanafunzi, mwepesi kweli, nikamwachia aanze kusoma. Dakika tano nyingi: "Dada nimeona! Malaria hii!"

Nikaangalia. Kitu cheusi cheusi cha zambarau, kipo peke yake. Nikamwambia mdogo wangu, sogea hapa tuelewane, maana hapa ndo maisha ya mtu yalipo. Mdudu wa malaria kwenye Giemsa ana rangi mbili, kidoti chekundu na pembeni yake ubluu. Ubluu ni mwili wake, kidoti ni kromatini, yani DNA yake, ule uzi wa maelekezo ya urithi, ikiwa imeshikana na protini ndani ya kiini. Kidoti bila ubluu usiniandikie malaria. Hata hilo jina kromatini limetokana na rangi, Mjerumani Walther Flemming ndo alilitoa karibu na mwaka 1880 kwa neno la Kigiriki la rangi, sababu ukimwaga rangi kwenye seli, kile kilichomo kwenye kiini kinaifyonza sana. Kwaiyo sisi na Giemsa yetu tunafanya kile kile alichokuwa anafanya yeye.

Akauliza, sasa kwenye tone jembamba nitajuaje kidoti sio cha seli nyekundu yenyewe? Swali zuri mno. Seli nyekundu ya mtu ikishakomaa inakuwa imeshatupa kiini chake, haina kromatini. Sa ukikuta ndani yake kipete cha bluu chenye jiwe jekundu, huyo ni mgeni kaingia nyumba isiyo yake.

Tukaendelea pamoja, sehemu kwa sehemu, sikumruhusu aandike hapana kabla hajamaliza sehemu 100, sehemu moja ni lile duara unaloliona kwenye hadubini. Ya 70 na kitu akanyamaza. Kipete, jiwe, ubluu. Akahesabu wadudu mpaka seli nyeupe zikafika 500, majibu yakaenda kwa daktari, bibi akaondoka na dawa mseto na mtoto kalala begani.

Saa 5 tukapata chai na hapo ndo yule binti akanibana vizuri, hiyo DNA inakaaje humo? Nikamwambia seli moja ya mtu ina DNA ya urefu wa kama mita 2, na kiini upana wake ni kama sehemu 6 za elfu moja za milimita. Tuseme kiini kingekuwa na ukubwa wa chungwa, basi huo uzi ungekuwa kilomita 20 hivi, unatoka mjini unaelekea Muheza unafika kama nusu ya safari ndo unaisha. Mjomba wangu mvuvi wa Sahare mshipi wake hauachi ovyo kwenye ngalawa, anauzungushia kwenye kijiti, na DNA ni hivo hivo, vijiti vyake ni protini zinaitwa histoni, zinakaa nane nane, uzi unazizunguka mara moja na nusu na ushee, vipago kama 147 vya ngazi ya DNA, halafu unaenda kwenye fungu lingine, na lingine. Hilo fungu moja ndo nyukliosomu. Seli ikikaribia kugawanyika vinabanwa zaidi mpaka vinaonekana vifurushi 46, ndo kromosomu.

Ila mi napenda zaidi hili la kufungua na kufunga. Seli ya ini na seli ya ngozi zina DNA ile ile, tofauti ni wapi mshipi umelegezwa jeni, yani vipande vya maelekezo kwenye DNA, zisomeke na wapi umekazwa. Seli inabandika vialama vidogo kwenye mikia ya histoni, vingine vinalegeza, vingine vinakaza. Na unaliona kwa macho, limfosaiti (aina ya seli nyeupe) iliyotulia kiini chake cheusi kimeshikana ka bonge la udongo, seli change ambayo haijakomaa kromatini yake ni laini, imetawanyika. Mchana huu huu saa 8 nilikutana na slaidi ya mtu mzima ina seli change nyingi kuliko inavyotakiwa, sikuandika kitu, nilimwita mkubwa wangu tukaangalia wote kimya. Kesho anarudia damu.

Saa 10 nyumbani, kuoga, kulala kidogo.

Saa 2 usiku meseji ya yule binti: "Dada samahani, mdudu naye anafungua na kufunga?"

Nikakaa kitako nikamjibu. Anafunga, tena ndo ujanja wake. Falsiparamu, aina ya mdudu wa malaria, ana jeni kama 60 za kutengeneza koti analolivalisha seli nyekundu, kwa kawaida anaacha wazi moja tu, zingine anazikaza kwenye kromatini. Kinga ya mwili ikishalijua hilo koti, kuna wadudu wameshafunga ile na kufungua nyingine.

Akakaa muda. Halafu: "Ile slaidi ya mtoto usiioshe dada, nataka nikione tena kile kidoti."