Nilivyopima oringi bila kuzigusa, kwa skana ya mtumba

Napima oringi, zile pete za mpira za kuzuia uvujaji. Wale mnaoshauri watu "bana kidogo tu na venia" (kile kipimio cha taya mbili) kwenye mpira, mnatutia hasara. Mpira ukibanwa unanywea, mimi napata 33.8 mm, mwenzangu mwenye mkono mzito anapata 33.3, mteja anarudisha mzigo tunaanza kununiana.

Mashine yenyewe ya kupimia kwa kamera, ile yenye taa chini na lenzi ambayo kitu hakikui hata kikisogea karibu, niliulizia bei nikaaga kwa adabu. Mtaalamu mmoja akasema piga picha na simu, programu zipo. Haya nikapiga. Oringi ileile katikati ya picha ina kipimo chake, pembeni kingine, inua simu kidogo tayari imepungua! Megapikseli hata ziwe mia hazikusaidii hapo, lenzi ndo inadanganya.

Basi Kariakoo nikapata skana nene ya zamani, kama elfu sitini hivi. Chukua nene yenye lenzi na vioo ndani, hizi nyembamba kitu kikiinuka kidogo tu juu ya kioo picha inakuwa ukungu. Nikaiweka 1200 dpi, yaani nukta 1200 kwa inchi, pikseli moja kama 0.021 mm, mchoro wa mteja unaruhusu kukosea 0.3, sasa shida nini? Mfuniko! Ukifunga unaikandamiza oringi, yaani tumerudi kwenye venia. Ukiacha wazi nyuma inatoka nyeusi, na mpira mweusi, huoni kitu. Nikakata vipande vya kioo vikawa nguzo, juu nikaezeka karatasi nyeupe kama banda la kuku, mambo yakanyooka.

Kitu cha kulinganishia sasa, chenye kipimo kinachojulikana, nijue skana haidanganyi, hapo mnipe maua yangu: beringi mpya ya 6202! Nje ni 35 mm, kiwandani wanaikosea maikroni chache tu. Inang'aa, kwa hiyo nikaipaka maka peni nyeusi ukingoni. Skani, zungusha robo, skani tena, maana skana hizi urefu na upana huwa havikubaliani. Halafu ImageJ, programu ya bure ya kupima vitu kwenye picha, na usivute mstari kwa mkono, iache ihesabu eneo la tundu ndo utoe kipenyo. Vumbi futa kwanza, unywele mmoja tu unakuharibia.

Mteja akapima kwenye mashine yake ya mamilioni, tofauti haikufika 0.05. Fundi wake akauliza natumia mashine gani, nikamjibu ya Kijapani. Si skana ni ya Kijapani kweli?