Paka wa kichochoroni

Jumapili Nyanya aliniuliza kama maji ya kisima chake, kule Kibokoni, kisiwani Mombasa, yana risasi, ile metali yenye sumu. Habari za Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa ambako kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kiliwaachia watu sumu damuni, hazijamtoka. "Nikiyachemsha si yatakuwa salama?" La, Nyanya. Maji yatapungua, risasi itabaki palepale, tena itakolea.

Hapo nikajiponza kumweleza ninachosomea: tundu-nano, kitundu kidogo mno cha kutambua kilichomo majini kwa kukipitisha humo. Nikamwambia afikirie kichochoro cha mlangoni pake. Watu wanapita, mara unaingia mkokoteni wa mitungi, wote wanakwama. Ukiwa ghorofani huwaoni, lakini nyayo zikipungua, na zikikaa kimya muda gani, utajua kimepita nini.

"Na akipita paka?"

Hilo ndilo swali lenyewe! Tundu letu ni protini ya bakteria, alfa-himolisini, na pale pembamba kabisa lina upana wa nanomita 1.4 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita). Umeme kidogo husukuma ayoni za chumvi, yaani chembe zake zenye chaji, zipite: mkondo hafifu mno wa pikoampea 100 hivi, na huo ndio nyayo zetu. Ayoni ya risasi ni paka: hupita bila kumzuia mtu. Basi hutafutiwa mwenzake, uzi mfupi wa DNA wenye guanini nyingi, mojawapo ya herufi nne za DNA. Ukikutana na risasi, uzi hujikunja ukawa fundo, na fundo ndilo linalokwama. Kwa zebaki hutumika uzi wa thimini, herufi nyingine. Zebaki huzishika thimini mbili mbili.

Raha tupu, mpaka ukumbuke kisima. Potasiamu nayo huukunja uzi uleule wa guanini. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa mikrogramu 10 za risasi kwa lita. Chukua kikombe kimoja cha maji ya bahari, changanya na tisa vya maji matamu, tayari una miligramu 40 hivi za potasiamu kwa lita. Mara 4,000 ya ukomo huo wa risasi! Na chumvi ya visima vya kisiwa hiki, anayeonja chai ya Nyanya anaijua. Majaribio mengi ninayoyasoma hufanywa kwa maji yaliyochujwa hadi yakawa hayana ladha. Ningependa waje Kibokoni.

Nyanya alishanijazia sampuli, kwenye chupa ya marashi. Sikuwa na moyo wa kuikataa. Jumapili ijayo nitampelekea ya plastiki, iliyooshwa kwa asidi ya nitriki, na maji yake yatapimwa kwa mashine ya kawaida ya maabara.